Manusura na Swali la Upande: Mauaji ya Lari na Kasoro ya Uhakiki wa Fasihi ya Vita

Uhakiki wa fasihi ya vita vya Mau Mau, kama unavyofundishwa na kuandikwa katika vyuo vya Kenya, una swali moja ambalo humwuliza kila mhusika kabla ya swali jingine lolote: alikuwa upande gani? Jibu likipatikana, kazi ya mhakiki huwa imekwisha nusu. Mhusika aliyeingia msituni hutiwa katika fungu la wazalendo. Aliyeshika bunduki ya serikali hutiwa katika fungu la vibaraka. Aliyesitasita baina ya pande hizo husemwa kuwa ana mgogoro wa nafsi na kusifiwa kwamba ni mhusika duara. Swali hilo lina haki yake mahali pake. Vita vile vilikuwa vya haki ya ardhi na uhuru, na asiyejua nani alipigania nini hawezi kuisoma fasihi yake. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba swali hilo limegeuka kuwa bawabu. Limesimama mlangoni mwa fasihi na kuwazuia watu wa aina moja wasiingie kabisa, nao ni wale ambao vita viliwakuta nyumbani, wakalala wakiwa na watoto na ndugu, wakapambazukiwa bila wao.

Hakuna mahali panapoifichua kasoro hiyo kama Lari.

Lari iko Kiambu, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, karibu na Uplands. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wakati walinzi wa kijiji walioitwa homgadi walipokuwa wamevutwa mbali kwa doria, makundi ya watu waliokula kiapo yaliyavamia maboma ya familia zilizohesabiwa kuwa tiifu kwa serikali. Milango ilifungwa kwa nje. Paa za nyasi zilimwagiwa petroli na kutiwa moto, na waliojaribu kutokea madirishani walikatwa kwa mapanga. Walikufa watu 74 kwa hesabu ya wanahistoria, wengi wao wanawake na watoto, na miongoni mwao alikuwamo Chifu Luka wa Kahangara. Usiku huohuo mamia ya kilomita hayakuhitajika ili kuliona tukio jingine: huko Naivasha, chini ya ukingo huo, wapiganaji walikivamia kituo cha polisi, wakachukua silaha na kuwafungua wafungwa. Simulizi za kizalendo zimeihifadhi Naivasha na kuiruka Lari, kana kwamba usiku ule ulikuwa na tukio moja tu.

Lakini mauaji ya kwanza hayakuwa mauaji ya pekee. Homgadi waliorudi na kuzikuta nyumba zao zimekuwa majivu, wakiwa pamoja na polisi na askari wa serikali, walianza kuua usiku uleule na kuendelea baada ya kucha. Waliouawa ni walioshukiwa, na katika saa zile kushukiwa kulitaka sababu ndogo mno: kukutwa njiani, kuwa jirani wa mtu fulani, kuwa wa ukoo fulani. Waliokufa mara ya pili hawakuhesabiwa kwa makini na yeyote. David Anderson, katika kitabu chake Histories of the Hanged (2005), anaona kwamba huenda waliwazidi wa kwanza kwa idadi. Serikali ya kikoloni iliwapeleka waandishi wa habari Lari kuziona maiti za mauaji ya kwanza, ikachapisha picha zake na kuzisambaza duniani. Maiti za mauaji ya pili iliziingiza katika hesabu ya magaidi waliouawa.

Ikumbukwe pia kwamba chanzo hakikuwa ushenzi wa usiku mmoja, kama propaganda ya Waingereza ilivyopenda kudai. Chanzo kilikuwa ardhi. Wakazi Waafrika wa Tigoni, karibu na Limuru, walikuwa wamezungukwa na mashamba ya masetla, na serikali ikaamua wahamishwe, wafidiwe kwa ardhi ya Lari. Luka na wafuasi wake walikubali. Wengine walikataa, wakafukuzwa kwa nguvu mnamo 1940. Basi waliokaa Lari walikuwa wamekaa juu ya dai la watu wengine, na kila mmoja aliujua mpaka wa shamba la jirani yake na historia ya mpaka huo. Waliochoma na waliochomwa walikuwa wakiteka maji mto mmoja.

Kwa hiyo Lari ilizaa manusura wa namna mbili, na uhakiki uliopo hauna mahali pa kuwaweka wowote kati yao.

Manusura wa mauaji ya kwanza, mathalani mwanamke aliyetoka katika moto na mtoto mmoja kati ya wanne, akiingia katika riwaya ya kizalendo ataingia kwa jina la mumewe. Mumewe alikuwa homgadi, au mumewe alikuwa mtu wa Luka. Basi naye ni jamaa ya kibaraka, na maumivu yake yanatia aibu kwa kuwa yanaonekana kama hoja ya adui. Manusura wa mauaji ya pili naye atapokewa upesi zaidi, lakini kwa sharti. Atapokewa kama mzalendo, hata kama mume aliyeuawa hakuwa amekula kiapo chochote, hata kama kosa lake lilikuwa kupita njia ile asubuhi ile. Aliyemwua alimpa upande ili apate kumwua. Mhakiki anamwacha na upande huohuo ili apate kumsifu. Ni vigumu kuona marehemu huyo amefaidika vipi.

Yapo mapingamizi, na zito kuliko yote ni hili: kumsikiliza manusura wa mauaji ya kwanza ni kurudia wimbo wa mkoloni. Watu wenye nia njema wamelishikilia pingamizi hilo kwa miaka mingi, nalo linastahili jibu. Ni kweli kwamba Lari ilikuwa chakula cha propaganda. Baada ya Machi 1953 ilitajwa kila mara palipohitajika kuhalalisha kambi, vijiji vya lazima na kitanzi. Riwaya ya Robert Ruark, Something of Value (1955), iliwafundisha wasomaji wa Marekani kuuona upande mmoja wa damu tu, na filamu ikafuata mwaka 1957. Lakini tutazame kwa makini kile ambacho mkoloni alikitumia. Alitumia mwili. Alitumia picha ya mtoto aliyekatwa, bila jina, bila sauti. Mwanamke wa Lari aliye hai, ambaye angeweza kueleza kwamba shamba lile lilipatikana kwa kuhamishwa Tigoni, na kwamba serikali iliyomwahidi ulinzi ndiyo iliyomweka juu ya dai la jirani yake, hakuhitajika katika kijitabu chochote cha serikali. Sauti yake ingeiharibu picha. Anayemnyamazisha leo kwa kuogopa propaganda anaikamilisha kazi ambayo propaganda ilikwisha kuianza.

Palikuwa na mahali pamoja ambapo manusura hao walitakiwa waseme, napo ni mahakamani. Mamia ya watu walikamatwa baada ya Lari, kesi zikasikilizwa kwa mafungu, na mwishowe wanaume 71 walinyongwa. Mashahidi wakuu walikuwa waliotoka motoni. Swali waliloulizwa lilikuwa jembamba kama ncha ya sindano: ulimwona nani? Walijibu kwamba walimwona fulani kwa mwanga wa nyumba iliyokuwa ikiungua. Wakili wa utetezi aliwauliza wangewezaje kutambua uso usiku, katika hofu ile, na swali hilo lilikuwa la haki kwa kuwa shingo za watu zilikuwa zikining'inia kwenye jibu. Lakini ikitazamwa kifasihi, hii ndiyo fani pekee ambayo jamii nzima ilimpa manusura: ushahidi. Atoe jina, kisha ashuke kizimbani. Mengine yote aliyoyaona kwa mwanga uleule hayakuhusu kesi.

Mtu angedhani kwamba fasihi ingekuja kumwuliza hayo mengine. Fasihi, kwa haki yake, ilijaribu kwa kiasi. Uhakiki ndio uliokataa kusikia. Mfano bora ni A Grain of Wheat (1967) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi aliyezaliwa Limuru, mwendo mfupi tu kutoka Lari. Karibu na mwanzo wa riwaya hiyo yumo Gitogo, kijana kiziwi na bubu, aliyekuwa akikimbia kumfikia mama yake mzee siku askari walipokizingira kijiji. Aliamriwa asimame, hakusikia, akapigwa risasi, na maiti yake ikahesabiwa kuwa ya gaidi. Kurasa hizo ni chache, nazo zinaeleza utaratibu mzima wa mauaji ya pili ya Lari bila kuitaja Lari: amri, risasi, kisha hesabu. Mama yake anabaki. Riwaya nzima inapita kando ya kibanda chake, na yeye husema machache mno. Je, wahakiki wamemfanyia nini mama huyu? Wamemwita ishara. Baadhi wamesema ni ishara ya nchi inayomsubiri mwanawe, wengine ishara ya dhamiri ya Mugo. Labda ni hayo yote. Lakini kabla ya kuwa ishara ya kitu chochote ni mwanamke aliyeuliwa mwana, na mhakiki anayeharakia ishara anampita kama wanakijiji wanavyompita.

Zaidi ya hayo, katika riwaya hiyo kuna masimulizi ya Mumbi. Anamweleza Mugo jinsi nyumba zilivyochomwa watu walipolazimishwa kuhamia kijiji kipya, jinsi yeye na mama mkwe wake Wangari walivyosimama wakitazama, na jinsi walivyoishi baadaye. Ni masimulizi marefu, yenye kurudi nyuma na kukatika. Ndiyo sauti iliyo karibu kuliko zote na ushuhuda wa manusura. Lakini idadi kubwa ya insha zilizoandikwa juu ya riwaya hii zinahusu ungamo la Mugo. Msaliti anayeungama amewavuta wahakiki kuliko mwanamke anayesimulia, kwa sababu ungamo linajibu swali la upande na kulifunga, ilhali masimulizi ya Mumbi yanalivuruga: amezaa na Karanja, mtu wa serikali, naye ni dada wa Kihika, shujaa wa msituni. Katika mitihani swali la usaliti hurudi mwaka hata mwaka. Mtahiniwa anayetaka kueleza kwamba riwaya ile inahusu pia namna ya kuendelea kuishi baada ya nyumba kuungua hana swali la kumruhusu.

Tamthilia ya Mzalendo Kimathi, tafsiri ya mchezo wa Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo, imekuwa na athari kubwa zaidi katika ufundishaji wa Kiswahili, na hapo mambo ni rahisi kueleza. Ule ni mchezo wa kesi. Uliandikwa kumrudishia Kimathi heshima aliyonyang'anywa na mahakama ya mkoloni na waandishi wake, ukafaulu. Kuulaumu kwa kutomsikiliza mjane wa Lari ni kuulaumu upanga kwa kutokata nywele. Kosa ni la waliouchukua mchezo wa kesi na kuufanya kipimo cha kila utungo uhusuo vita vile, hata kila mhusika apimwe kama mshtakiwa. Vivyo hivyo, mkusanyo wa Maina wa Kinyatti, Thunder from the Mountains (1980), ni mkusanyo wa nyimbo za kizalendo, na jina lake la ziada linasema hivyo waziwazi. Haukuahidi kuwa hifadhi ya vilio vyote vya Hali ya Hatari. Ni wasomaji wake walioufanya hivyo.

Hoja nyingine inayotolewa dhidi ya ushuhuda ni ya kifani. Husemwa kwamba masimulizi ya manusura hayana msuko, kwamba yanarudiarudia, kwamba yanatumia kurasa nyingi juu ya sufuria au mbuzi na sentensi moja juu ya kifo cha mtoto, na kwa hiyo ni malighafi ya fasihi wala si fasihi. Hoja hii ingechekesha kama isingalikuwa na wafuasi. Wanaoitoa ni walewale wanaofundisha kwamba takriri ni mbinu, kwamba ufinyazi ni mbinu, na kwamba kimya ni mbinu. Sifa hizo zikitoka kwa mtunzi mwenye shahada huitwa ufundi. Zikitoka kwa mkulima wa Kiambu aliyekosa usingizi kwa miaka sitini huitwa udhaifu. Aidha, Kiswahili kina ushahidi wake wa zamani dhidi ya mgawanyo huo. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya Wajerumani katika Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga juu ya Maji Maji, na hakuna anayethubutu leo kuwaambia marehemu hao kwamba tungo zao si fasihi kwa sababu zinasimulia mambo yaliyotokea. Kwa nini basi utenzi wa 1905 uwe fasihi na masimulizi ya 1953 yawe malighafi?

Yafaa hapa kulitazama neno lenyewe. Manusura hutokana na nusura, nalo ni neno lenye nyuso mbili. Nusura ni msaada, uokozi unaomjia mtu kutoka kwa mwingine. Lakini Mswahili akisema "nusura afe" hasemi juu ya msaada wa mtu yeyote. Anasema kwamba kifo kilikaribia kikakosa, bila kueleza kwa nini. Vitenzi vinafuata mgawanyo huohuo. Aliyenusuriwa ana wa kumshukuru: jirani aliyefungua mlango kwa nyuma, homgadi aliyegeuza macho, mtu wa kiapo aliyemsukuma mtoto shambani na kurudi kazini kwake na panga mkononi. Aliyenusurika hana wa kumshukuru, amebaki tu. Katika maandishi ya Kiswahili juu ya vita hivi, watu "walinusurika" takriban daima. Kauli hiyo inawaondoa wenye kunusuru, na hao ndio wahusika wanaousumbua uhakiki wa pande mbili kuliko wote. Mtu aliyekuwa upande wa wachomaji akamnusuru mtoto mmoja ataingizwa fungu gani? Hana fungu, basi anafutwa kwa kauli ya kutendeka. Huu si mchezo wa sarufi. Mwandishi atakayeandika "alinusuriwa" atalazimika kutaja na nani, na hapo riwaya nyingine itaanza.

Lipo jambo ambalo idara za Kiswahili zina wajibu wa kulisema kabla ya idara nyingine yoyote. Lugha ya amri katika jeshi la KAR ilikuwa Kiswahili. Kwa wanakijiji wengi wa Kiambu na kwingineko katika miaka ile, Kiswahili hakikufika mlangoni kama lugha ya umoja wa taifa. Kilifika kama lugha ya askari, ya kutakiwa kutoa kipande, ya kuambiwa toka nje. Gĩkũyũ kilikuwa lugha ya maumivu, Kiingereza lugha ya jalada, na Kiswahili lugha ya amri iliyosimama katikati. Wasifu rasmi wa lugha hii, unaorudiwa katika kila kongamano, unaanzia pwani, unapanda na misafara hadi bara, unaingia siasa za ukombozi na kukamilika bungeni. Hauna kurasa za Lari. Huenda ndiyo sababu mojawapo kwamba, licha ya kuwako kwa riwaya ya P. M. Kareithi, Kaburi bila Msalaba (1969), na tafsiri ya kumbukumbu za J. M. Kariuki za kizuizini, hakuna utungo mashuhuri wa Kiswahili uliompa manusura wa Lari nafasi ya msimulizi. Lugha inayojisifu kuwa ya wote haijazoea kukumbuka siku ilipokuwa ya upande mmoja.

Tangu miaka ya 2000 hali ya nje ya fasihi imebadilika sana. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003. Sanamu ya Kimathi ilisimamishwa Nairobi mwaka 2007. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa katika Hali ya Hatari, na mnara wa kumbukumbu ukafunguliwa katika Bustani ya Uhuru mwaka 2015. Hayo ni mambo ya kheri na yalichelewa mno. Lakini wanasheria walihitaji mdai na mdaiwa, na wachonga sanamu walihitaji shujaa. Wajane wa moto wa Lari hawakuwa na mdaiwa huko London, kwa kuwa waliowachoma walikuwa majirani, na baadhi ya waliowachoma walikwisha kunyongwa. Fasihi haifungwi na sharti la kupata mdaiwa. Hiyo ndiyo tofauti yake na korti, na uhakiki unaomwuliza manusura maswali ya korti unaitupa tofauti hiyo kwa mikono yake wenyewe.

Majalada ya kesi za walionyongwa yamo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi. Ushahidi uliotolewa na wanawake kwa Gĩkũyũ umeandikwa humo kwa Kiingereza cha mkalimani, jibu baada ya jibu, na maswali yaliyokatizwa na jaji kwa kuwa hayakuhusu kesi nayo yana nafasi yake katika kurasa hizo. Mwanafunzi wa uzamili anayekuja kila mwaka na pendekezo la kuchunguza tena taswira ya shujaa katika tamthilia ileile anaweza kupelekwa huko, asome nafasi hizo zilizoachwa, ilimradi msimamizi wake asianze kwa kumwuliza mashahidi hao walikuwa wake za nani.